Wasomaji Wanauliza: Magome ya Miti na Vifungashio

Toleo lililopita tuliweka habari fupi tu kwamba magome ya miti ukiyachemsha yanatoa tanini, kile kitu cha ukakasi kilicho kwenye gome, na hiyo tanini watafiti wanaitumia kutengeneza gundi, vitu vya kupaka karatasi na hata povu gumu la kukinga bidhaa badala ya plastiki. Basi meseji zimemiminika, nyingi zinafanana, nimechagua hizi sita ambazo naona zikijibiwa na wengine watakuwa wamejibiwa humohumo.

Shikamoo mwalimu. Niko Njombe, sisi ni kikundi cha vijana tunafungasha parachichi za Hass za mnunuzi anayepeleka nje. Shida yetu maboksi, yakikaa koldrumu, yaani chumba cha baridi, siku kadhaa yanalegea, ya chini yanabonyea, parachichi zinachubuka na mnunuzi anatukata hela. Huku kwetu miti ya miwati imejaa kila kona na magome mengi yanaishia kuwa kuni. Tunaweza kutengeneza povu la kuweka ndani ya boksi, au kulipaka boksi lenyewe hiyo tanini lisilowe?

Marahaba mwanangu, na hongereni kwa kazi. Kwanza kuna wazo naona wengi mmelibeba na inabidi tulitue chini kabla hatujaenda popote, tanini yenyewe haizuii maji. Inayeyuka kwenye maji, ndo maana tunaitoa kwa kuchemsha, kwa hiyo ukichukua supu ya magome ukapaka boksi ukaliacha likauke utapata boksi la kahawia linalopendeza lakini koldrumu litalowa vilevile, tena litawaachia madoa mikononi. Kazi ya tanini ni kushika. Inashika protini, ndivyo ngozi mbichi ya ng'ombe inavyogeuka ngozi ya kiatu, na ikipewa kiunganishi, yaani kemikali ya kuifunga pamoja, inashikana yenyewe kwa yenyewe na hapo ndo inakuwa haiyeyuki tena.

Sasa chukua boksi moja lililoharibika ulichane pembeni uliangalie kwa karibu. Utaona karatasi mbili zilizonyooka na katikati ipo yenye mawimbi, na kila ncha ya wimbi imegandishwa kwa mstari mwembamba wa gundi, na gundi hiyo mara nyingi ni ya wanga, wa mahindi au wa muhogo. Koldrumu ya parachichi mnaiweka kama nyuzi 5 na unyevu wa hewani asilimia 90 na zaidi ili tunda lisisinyae, unyevu uleule unaoliokoa tunda ndo unaoliua boksi, maana wanga unavuta maji, mawimbi yanabanduka, na karatasi yenyewe nayo inalegea, boksi kwenye unyevu wa asilimia 90 linaweza kupoteza karibu nusu ya nguvu yake ya kubeba mzigo ukilinganisha na likiwa kavu. Na hapo bado halijaingia kwenye kontena kukaa baharini wiki kadhaa.

Kwenye ule mstari wa gundi ndo mwati unapoingia, na siyo jambo la jana. Miaka ya 1970 huko Afrika Kusini na Australia walishachanganya unga wa tanini ya miwati kwenye gundi ya wanga ili maboksi yavumilie unyevu, na ilifanya kazi. Kasoro ni kwamba kiunganishi walichotumia kilikuwa fomalidehaidi, ambayo tangu 2004 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO limeiweka kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Siku hizi watafiti wanatumia viunganishi vingine kama heksamini, ambavyo moshi wake ni mdogo sana au haupo kabisa, kwa hiyo mtu yeyote akija kuwauzia gundi ya magome "ya asili asilimia mia" msimuulize bei kwanza, muulizeni kiunganishi chake ni nini.

Hiyo gundi hamuwezi kuipika nyuma ya stoo. Inaingia kwenye mashine ya boksi pamoja na moto na presha, kwa hiyo anayehusika ni anayewauzia maboksi, na mkienda mkiwa kikundi mna sauti, mwambieni mnataka boksi la gundi inayovumilia unyevu na mpeni sampuli mbili tatu zilizobanduka azione. Malighafi siyo ya kutafuta mbali, kampuni ya TANWAT ipo hapohapo Njombe tangu 1949 ilipoanzishwa na shirika la Waingereza la maendeleo ya makoloni, na ilianzishwa kwa kazi ya kukamua magome ya miwati kuwa tanini ya kutengenezea ngozi. Gome kavu la mwati karibu theluthi moja ya uzito wake ni tanini, miti mingi duniani haifikii hapo. Inaniuma kuona boksi linaagizwa mbali na gundi yake ni wanga mtupu wakati dawa ya ule wanga inapita barabarani kwenye malori mbele ya stoo ya parachichi.

Povu nalo lipo, sijawadanganya. Linatengenezwa kwa tanini, alkoholi ya furfurili ambayo hutolewa kwenye magunzi ya mahindi au makapi ya miwa, na asidi kidogo ya kuamsha mchanganyiko, ukishachanganya unapata joto wenyewe na kuumuka kama unga wa maandazi, halafu unaganda. Mtafiti Antonio Pizzi na mwenzake waliandika juu yake mwaka 1994 na tangu hapo limejaribiwa sana, ni jepesi, linazuia joto, na kitu cha kushangaza ni kwamba haliwaki ovyo kama ile stairofomu nyeupe inayokuja na TV. Lakini ukilibonyeza kwa kidole linavunjika na kuacha vumbi la kahawia, na alkoholi ya furfurili ni sumu kwa anayeishika kabla haijaganda, kwa hiyo kwa parachichi hapana. Kwa kitu kizito kama pampu au kioo, ndani ya mfuko wa karatasi, linafaa. Parachichi ziwekeeni trei za karatasi zilizofinyangwa.

Halafu yapo mambo ya kufanya kesho asubuhi bila tanini yoyote. Pangeni boksi kona juu ya kona, nguvu ya boksi iko kwenye kona zake, mkipanga kama matofali ya ukuta mnazitupa. Boksi lisitokeze nje ya paleti hata vidole viwili. Na mzigo ukishapoa usitolewe nje kwenye joto halafu ukarudishwa ndani, maana hapo boksi linatoka jasho na hilo jasho ndo linamaliza kila kitu.

Asalaam aleykum mwalimu. Niko Kilwa. Wazee wetu walikuwa wakichemsha magome ya mikoko wanatia nyavu na matanga yasioze, kwa hiyo habari yenu kwetu si ngeni. Juzi kaja mtu anataka tumkusanyie magome ya mikoko kwa magunia, anasema yanakwenda kutengeneza vifungashio rafiki wa mazingira. Tumkusanyie?

Waaleykum salaam ndugu yangu. Msimkusanyie.

Wazee wenu walikuwa sahihi kabisa, nyavu na matanga yalikuwa ya pamba, pamba ikilala na unyevu inaota ukungu inaoza, na tanini inawakaba wale wadudu wasioonekana wanaoila. Magome ya mkoko na mkandaa yana tanini nyingi, enzi za Wajerumani yalikuwa yakikusanywa mikoko ya Rufiji yanapakiwa melini kwenda kwenye viwanda vya ngozi Ulaya. Lakini mzee aliyekuwa anatia nyavu zake alihitaji kapu moja, huyu anataka magunia, na magunia hayapatikani bila kumenya mti mzima mzima. Chakula cha mti kinashuka kutoka kwenye majani kwenda mizizini kwa kupitia upande wa ndani wa gome, ukilivua kuzunguka shina umeshaukata mti hata kama panga halijagusa mbao yake, utasimama miezi unaonekana mzima halafu unakauka. Na mkoko ukikauka hapo Kilwa kamba mnaovua wanakosa pa kulelea watoto wao na wimbi linapata njia.

Juu ya hapo mikoko ya Tanzania ni hifadhi na huwezi kuivuna bila kibali cha TFS, wakala wa serikali wa misitu, gunia likikamatwa njiani atakayelala ndani ni aliyelibeba, siyo yule wa kiwanda. Kama huyo bwana ni mkweli mwambieni aende Njombe kwenye miwati, mti unaokatwa kila baada ya miaka kama minane mpaka kumi na unapandwa tena, gome lake lipo kwa uhalali na ni bora zaidi kwa kazi yake. Akikataa mtakuwa mmeshajua alichokuwa anakitafuta kwenu.

Mwalimu mambo vipi. Mimi napasua mbao Mafinga, paini tupu. Mabanzi nauza kuni, pumba za mbao wanachukua wafuga kuku, lakini magome ni mlima nyuma ya kiwanda, mvua ikinyesha yanatoa maji meusi yanaenda mtoni na majirani wameanza kulalamika. Naweza kuyauza ya tanini?

Poa kabisa. Nikujibu kwa kuanzia na majirani, wana haki. Yale maji meusi ndo tanini yenyewe pamoja na vitu vingine vya kwenye gome, mvua inakufanyia kazi ya kukamua bure halafu inawapelekea samaki wa watu, inakula hewa ya kwenye maji. Maana yake pia ule mlima wako wa zamani kwa tanini umeshakwisha, usipoteze nauli kupeleka sampuli yake popote.

Ya gome bichi ni hadithi nyingine. Paini ina tanini ila ni kidogo kuliko ya mwati na inatoka imechanganyika na sukari na utomvu, ukiipunguza maji inakuwa nzito kama uji ulioshika chini, mashine zinaichukia. New Zealand waliwahi kuwa na kiwanda cha kukamua magome ya paini miaka ya 1980 na kilifungwa, na huo uzito ulikuwa moja ya sababu. Sikuambii hivyo kukukatisha tamaa, nakwambia ili mtu asije akakuuzia ndoto. Kwa msitu kama wa Sao Hill na viwanda vilivyoizunguka hiyo Mafinga wingi wa magome upo, kinachokosekana ni mtu wa kuyakusanya yakiwa safi.

Kwa hiyo ukitaka kujiweka tayari, menya gogo kabla ya kupasua, ndani ya siku chache tangu likatwe, magome yaende juu ya turubai au sakafu ya zege siyo chini kwenye mchanga, yakauke kivulini yasinyeshewe. Mchanga ndo unaoharibu bei kuliko kitu chochote, unakula visu vya mashine ya kusaga. Kujua kama yana tanini ya maana chemsha kiganja kimoja kwenye maji kidogo, chuja kwenye glasi, tumbukiza msumari wenye kutu uache usiku kucha. Asubuhi maji yakiwa meusi yenye ukijani tanini ipo, yakibaki rangi ya chai hamna kitu. Ukishapata majibu hayo peleka sampuli SUA, chuo kikuu cha kilimo pale Morogoro, kwa watu wa mazao ya misitu, au TIRDO, shirika la utafiti wa viwanda Dar, waombe wakupimie asilimia.

Na wakati unasubiri, magome yaliyosagwa yanaweza kuchanganywa kwenye rojo la karatasi chakavu la kufinyanga trei za mayai, siyo mengi maana gome halina nyuzi ndefu kama karatasi, ukizidisha trei inavunjika pembeni. Tafuta watengeneza trei walio karibu nawe, anza na hao. Mlima wa zamani utawanyie kwenye mashamba ya parachichi kama matandazo, hapo hata mto utapumua.

Habari yako mwalimu. Mimi hutengeneza sabuni ya kuogea nyumbani hapa Nyeri. Tangu plastic bags zipigwe marufuku 2017 nimekuwa nikifunga kwa karatasi, lakini mafuta ya sabuni hupenya na karatasi ikishika unyevu inararuka tu. Nyuma ya shamba tuko na miti ya muthanduku. Nataka nijaribu mwenyewe hii kitu ya magome, nianzie wapi?

Nzuri sana dada, na swali lako nimelipenda maana sabuni ni mahali pazuri pa kujifunzia, hakuna anayeila. Muthanduku ndo mwati wetu, mti uleule uliotoka Australia, na Kenya mlikuwa na viwanda vikubwa vya kuukamua, cha Eldoret kilichoitwa EATEC wazee wanakikumbuka. Tumia miti uliyonayo ila usiongeze mingine hasa karibu na mto, mbegu zake zinalala ardhini miaka na miaka zikingoja moto, na upo kwenye orodha ya IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi, ya viumbe 100 wavamizi wabaya kuliko wote duniani.

Kata mti uliokuwa unaukata hata hivyo kwa kuni au mkaa, msimu wa mvua gome linavuka kwa mkono kama soksi mbichi iliyolowa, kiangazi litakutoa jasho. Likatekate vipande vidogo, yakaushe kivulini. Sufuria iwe ya stenlesi au chungu cha udongo, ukitumia ya chuma maji yatakuwa wino. Maji yafunike magome yapite vidole vitatu juu, yapate moto mkali lakini yasitokote, saa moja hivi, chuja kwa kitambaa, rudia magome yaleyale maji mapya, halafu changanya mikamuo yote miwili na uiache kwenye moto mdogo ipungue mpaka iwe nzito kidogo, ikikishika kijiko basi.

Sasa usikimbilie kupaka, kumbuka nilichomwambia kijana wa Njombe, tanini peke yake inayeyuka. Unahitaji kitu cha kuishika na nyumbani kilicho rahisi ni jelatini isiyo na ladha, ile ya unga ya kutengenezea keki. Iloweke kwenye maji baridi, ipashe mpaka iyeyuke, paka karatasi ya kaki upande mmoja kwa brashi pana, tabaka jembamba, acha ikauke kabisa. Ndipo juu yake upake maji ya magome. Utaona mbele ya macho yako ule utelezi wa jelatini unatoweka, uso unakuwa mkavu na mgumu kama ngozi, na ndivyo ilivyo, umetengeneza ngozi nyembamba juu ya karatasi. Ikikauka idondoshee tone la maji na lingine la mafuta ya kupikia, subiri robo saa, geuza karatasi uone nyuma. Usijaribu kurahisisha kwa kuchanganya jelatini na tanini kwenye bakuli moja, zitashikana hapohapo zikatoa mabonge kama utando wa mpira na hutaweza kuzipaka popote.

Jambo la muhimu ambalo linawapata wengi, sabuni ni ya magadi, na tanini ikikutana na magadi inageuka nyekundu nyeusi na kuanza kuyeyuka upya, kipande chako cheupe cha sabuni kitapata mabaka ya kahawia. Kwa hiyo upande wenye tanini uwe nje, na upande wa ndani unaogusa sabuni paka nta ya nyuki kidogo sana. Nta iyeyushe kwenye bakuli lililokaa ndani ya maji ya moto, usiiweke moja kwa moja kwenye jiko, inashika moto. Na sabuni iwe imekaa wiki zake nne hadi sita ikakauka vizuri ndo uifunge, ukifunga mbichi hakuna karatasi itakayokuokoa.

Wateja wako wakiuliza waambie ukweli kwamba kuna jelatini, wengine wanataka kujua imetoka kwa mnyama gani, na hilo ni lao kuamua.

Habari za huko nyumbani mwalimu. Nasoma Finland, hapa Espoo, na huku mambo ya magome yanazungumzwa sana, ila wao wanataja suberini zaidi kuliko tanini. Ni kitu kimoja?

Njema, za huko baridini. Siyo kitu kimoja, na tofauti yake ni muhimu kwa mtu wa vifungashio. Suberini ndo kitu cha asili kama nta kinachofanya gome la nje lisipitishe maji, na mti wa huko unaoitwa birch, wenye gome jeupe linalobanduka kama karatasi, umejaa hiyo. Wafini wa zamani walisuka vikapu na vyombo vya chakula kwa gome hilohilo, kama Wanyamwezi walivyotengeneza vilindo vya magome kuhifadhia unga na nafaka. Suberini haitoki kwa maji ya moto, inahitaji magadi makali kuivunja, lakini ikishatoka ukapaka karatasi inafukuza maji kweli, kile ambacho tanini haiwezi. Tanini nayo inaleta ambacho suberini haina sana, inakaba miale ya jua na inachelewesha mafuta kuchacha. Watafiti wengi wa huko wanaziweka zote mbili kwenye kazi moja, tanini ndani ya gundi na suberini juu ya karatasi.

Na usidhani kwamba huko kila gome linageuka kifungashio, sehemu kubwa ya magome ya viwanda vya mbao vya Finland inachomwa kupata joto na umeme. Nikuombe kitu kimoja ukiwa huko, angalia wanavyolishughulikia gome kabla halijafika maabara, wanavyolimenya, wanavyolitenga na mchanga, linakaa siku ngapi. Sayansi yake unaweza kuisoma ukiwa Morogoro, lakini huo utaratibu wa gome kutoka msituni mpaka kwenye mashine ndo Mafinga hawana.

Umeniuliza pia chini kabisa ya meseji kama inawezekana kuvua gome bila kuua mti. Inawezekana kwa miti michache. Ureno mti wa koki unavuliwa kila baada ya miaka 9 na unaendelea kuishi, na Uganda mutuba unavuliwa kwa ajili ya nguo za magome kisha shina linafungwa majani ya mgomba mpaka gome jipya liote, ufundi ambao UNESCO iliutambua 2005. Mwati na paini hazimo kwenye hiyo orodha.

Mwalimu shikamoo. Nafungasha dagaa wa ziwani hapa Mwanza, nauza mpaka Dar. Wakikaa mwezi wanabadilika rangi wanakuwa wa njano na harufu ya mafuta ya zamani. Nimesoma mahali kwamba tanini inazuia mafuta kuchacha. Nikipaka mifuko yangu ya karatasi kwa ndani itasaidia?

Marahaba. Umesoma vizuri, dagaa ana mafuta, mafuta yakikutana na hewa na mwanga yanachacha, na hiyo njano na harufu ndo dalili yake. Watafiti wanachanganya mikamuo ya magome kwenye utando wa wanga au wa kitosani, kitu kinachotolewa kwenye magamba ya kamba, na huo utando unapunguza mwanga na unachelewesha kuchacha. Kwa hiyo wazo lako lina msingi.

Ila usipake. Kwa sabuni nilimwambia dada wa Nyeri ajaribu, kwa chakula nasema hapana mpaka kipimwe. Gome halina tanini peke yake, lina ukungu kama halikukauka vizuri, lina vumbi, linaweza kuwa na dawa iliyopuliziwa shambani, na vitu hivyo vinahama kutoka kwenye karatasi kuingia kwenye dagaa wenye mafuta kirahisi kuliko kwenye kitu kikavu. Tanini nyingi pia inakausha ulimi, mteja atasema dagaa wana ukakasi. Kifungashio kinachogusa chakula kinapimwa TBS, shirika la viwango, wanaangalia ni nini kinahama na kwa kiasi gani, na hakuna supu ya jikoni itakayopita hapo.

Na usiogope kutumia kifungashio cha plastiki kilicho halali ukidhani umekatazwa, lile katazo la 1 Juni 2019 lililenga mifuko ya kubebea, vifungashio vya vyakula vilivyosindikwa viliachwa ilimradi vifuate viwango. Kwa dagaa wako tatizo la kwanza ni hewa, la pili mwanga, na mfuko wa karatasi unapitisha hewa hata ukiupaka nini. Waanike kwenye chanja siyo mchangani, wakauke mpaka ukimvunja mmoja anakatika kwa sauti, wapoe kabisa kabla ya kufunga maana wakifungwa na joto wanatoa jasho ndani. Tumia mfuko mzito wa chakula, bana hewa yote itoke mpaka mfuko ugandane na dagaa, uzibe kwa moto, halafu mfuko huo ndo uuingize kwenye boksi la kaki lisilopitisha mwanga. Fungasha mingi midogo ya robo kilo kuliko mmoja wa kilo tano, ukifunguliwa uishe. Na kwenye boksi andika tarehe waliyoanikwa, siyo tarehe uliyofungasha.